Pipa la chumvi nyuma ya ofisi: kupanga jengo la utafiti wa bahari ukiwa Dodoma

Nyuma ya ofisi yetu hapa Area D kuna pipa la bluu la lita 200. Mgeni akiliona hudhani ni la kukingia maji ya mvua. Akichungulia ndani anakuta bawaba, skrubu, vipande vya nondo na koki za kila aina vinaning'inia kwa kamba ya nailoni, nusu vimezama, nusu viko hewani. Maji yake nimeyachanganya mwenyewe, kilo 7 za chumvi ya mawe kutoka soko la Majengo. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo zidisha mara 200 utapata hizo kilo. Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo asiyeishiwa utani, aliniuliza siku ya kwanza: "Injinia, leo tunakunywa supu ya misumari?"

Nalitaja pipa hili kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja mhandisi, ofisi yake iko kule Mtumba, alinipigia simu. Amepewa kazi ya kuandaa hadidu za rejea za jengo la utafiti wa viumbe wa baharini, naye hajawahi kupanga kitu kikubwa kuliko ofisi ya ghorofa mbili. "Kaka, naanzia wapi?" Tuliongea mpaka simu yangu ikazima. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka usiku nikiwa nimeshalala.

Kwanza nijitetee kidogo, maana najua swali linalokuja: mtu wa Dodoma na bahari wapi na wapi? Nilikulia Singida mjini, kati ya ziwa Singidani na ziwa Kindai, maziwa ambayo maji yake hayanyweki kwa chumvi. Nyumba ya babu ilikuwa karibu na ufuko, na kila nikienda likizo nilikuta misumari ya bati imekonda zaidi. Na nyinyi mnaotumia maji ya visima hapa Dodoma mnaujua ule ukoko mweupe kwenye birika la umeme. Chumvi haihitaji bahari ili ikuharibie kazi.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu iliingizwa kwenye timu ya kupanga jengo la utafiti wa bahari huko pwani. Mteja simtaji wala mahali sipataji. Jengo limesimama, linafanya kazi, na makosa mengi nitakayoyasimulia hapa ni yangu.

Kikao cha kwanza kilifanyika Dodoma kwa sababu wakubwa wote wako huku. Msanifu majengo aliwasha projekta, tukaona paa lililokaa kama tanga la jahazi, vioo vinatazama bahari, ngazi za nje zenye maua. Tulisifu. Mimi nilisifu zaidi ya wote. Aliyekaa kimya ni dada mmoja fundi sanifu wa maabara, ambaye mteja alimleta ili aandike muhtasari tu. Mwishoni akanyoosha mkono: "Samahani, maji ya bahari yanaingilia wapi?" Msanifu akamjibu kwa upole kwamba hilo ni la mtu wa mabomba, litafuata baadaye. Lilifuata kweli, baada ya miezi 6, na lilipokuja tulichana nusu ya michoro.

Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwenye makala hii, chukua swali la yule dada. Nyumba ya kawaida unaipanga kwa ajili ya watu, halafu unaipelekea maji. Jengo la bahari unapanga maji, halafu unayajengea kuta na paa. Ndani yake kuna wakazi wa aina mbili. Mtafiti joto likimzidi, au umeme ukikatika, anatoka kwenda kukaa chini ya mwembe. Samaki hana mwembe.

Kwa hiyo kabla hujachora mstari wowote, kaa na wale watakaolisha samaki na kuosha matangi, uwaulize: mtafuga viumbe gani? Kila tangi linataka maji mapya kiasi gani kwa saa? Pampu ikisimama, wanavumilia muda gani? Usiridhike na jibu la "maji ya kutosha". Sisi tulipokaa na yule dada, hesabu ilitoka hivi: matangi 24 ya lita 500, kila moja libadilishe maji yake yote ndani ya saa 1. Hizo ni lita 12,000 kwa saa, lita 288,000 kwa siku. Ukiwa mtu wa Dodoma unayelala macho kusubiri mgao wa maji, fikiria simtanki 288 za lita 1,000 zikijazwa na kumwagwa kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi. Nilipoiona namba hiyo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa napanga mtambo wa pampu wenye maabara pembeni, wakati kichwani nilikuwa na ofisi yenye mabomba.

Namba hiyo moja ikazaa nyingine zote. Tuliamua pampu zikifa, maji yaendelee kushuka yenyewe kwa saa 3 kutoka kwenye tangi lililo juu. Saa 3 ndizo muda wa kumpigia fundi wa zamu, avae, apate bodaboda, afike, aanze kubembeleza jenereta iliyogoma. Saa 3 ni lita 36,000, yaani karibu tani 37 za maji peke yake, bila uzito wa tangi. Mzigo huo hauwekwi juu ya paa la tanga la jahazi. Bahati nzuri nyuma ya kiwanja palikuwa na kimlima, tangi likapanda huko. Lakini unaona jinsi umbo la jengo linavyoamuliwa na samaki.

Sasa bahari yenyewe. Pwani yetu, maji ya bamvua kubwa (zile siku bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi) hupanda na kushuka kwa tofauti inayokaribia mita 4. Mimi niliyezoea kisima ambacho usawa wake unabadilika kwa masika na kiangazi, nilichora pampu juu ya ukuta salama, bomba la kuvutia likishuka baharini. Kwenye karatasi ilipendeza. Tatizo ni kwamba pampu haivuti maji, inaondoa hewa tu na kuacha uzito wa hewa ya nje uyasukume juu. Kwenye usawa wa bahari, uzito huo unaweza kusukuma maji kama mita 10 kwa nadharia, na kwa vitendo mtu mwenye busara hapangi kuzidi 5 au 6. (Hapa Dodoma, mita 1,100 na ushei juu ya bahari, hata hizo 10 hatuzipati.) Maji yakijaa pampu yangu ingefanya kazi vizuri. Yakipwa siku ya bamvua, ingebaki kulia bila kutoa kitu.

Dawa yake ni ya kizamani: chimba kisima cha pampu ambacho sakafu yake iko chini ya kupwa kwa mwisho kabisa, bahari iingie yenyewe kwa mteremko, pampu ikae karibu na maji. Ni ghali na ni kazi ya matope. Iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, maana ukiichomeka katikati ya mkataba utapigiwa bei utakayoikumbuka.

Na weka mabomba mawili. Hili nalisisitiza kwa sababu mkadiriaji majenzi wetu alikata moja ili kupunguza gharama, nami nikasaini. Maji ya bahari yana mbegu za kila kiumbe: kome, chaza, vile vigamba vinavyoota chini ya ngalawa. Bomba kwao ni nyumba ya bure yenye chakula kinachopita mlangoni. Chukua bomba la milimita 200. Vigamba vikiota unene wa milimita 30 pande zote, njia inabaki milimita 140, na eneo la kupitisha maji linakuwa nusu ya lile la mwanzo. Ukiwa na mabomba mawili unatumia moja, la pili unalifunga likiwa na maji yake ndani. Viumbe waliomo wanamaliza oksijeni, wanakufa, unawasukuma nje, kisha unabadilisha zamu. Hakuna sumu inayoingia kwenye matangi. Ukiwa na bomba moja, siku ya kulisafisha ndiyo siku ya samaki kukosa maji. Tulilirudisha bomba la pili baadaye, kwa kulipia mara mbili gharama ya kufukua mchanga uleule.

Nije kwenye aibu yangu kubwa, ratiba ya kazi.

Niliandika: kulaza bomba katika eneo la kupwa, siku 12. Siku 12 za saa 8, mfululizo, kama ninavyolaza bomba la maji pale Nzuguni. Mkandarasi akaja na kijiko cha kukodi, vijana 20, na moyo mkunjufu. Siku ya kwanza maji yalikauka vizuri, mnamo saa 4 asubuhi, wakachimba karibu saa 3, bahari ikarudi ikafukia nusu ya mtaro. Siku ya tano sehemu ya mbali haikukauka kabisa. Siku ya sita vivyo hivyo. Kijiko kimesimama, mita ya kukodi inahesabu. Nilishuka na treni ya SGR asubuhi nikiwa nimejiandaa kugomba.

Nilimkuta mzee mmoja mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, amekaa juu ya bomba letu anashona wavu. Nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kama mimi ndiye mkubwa wao. Nikamweleza ratiba. Akacheka taratibu, bila dharau. "Mwanangu, umehesabu siku, hukuhesabu mwezi." Kisha akaniinulia kidole juu, kwenye mwezi hasa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kila moja inakupa siku 4 au 5 za maji kukauka mbali. Katikati yake ni maji mafu, ambapo bahari haiondoki na haiji sana, na eneo langu lilikuwa chini ya maji muda wote. Nikafanya hesabu palepale mchangani kwa kijiti: saa 96 za kazi nilizopanga, gawanya kwa saa 15 za kila bamvua, unapata bamvua 6 na zaidi, yaani miezi 3 na ushei. Tulikodi taa tukaongeza kupwa kwa usiku, ambako pale huangukia karibu saa 4 usiku, na hata hivyo upepo wa kusi ulitukuta hatujamaliza. Yule mzee alikuwa ameshatuambia: kazi za baharini zifanyike wakati wa maleleji, kaskazi imeisha na kusi haijashika, au kusi imelegea na kaskazi haijaja. Yeye hana programu ya ratiba, lakini ratiba yake ndiyo iliyokuwa sahihi.

Tangu siku hiyo, kwa kazi yoyote ya ufukweni nafungua jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka mzima kabla sijagusa kompyuta, napaka rangi siku za bamvua, halafu ndiyo napanga vingine kuzizunguka. Na namtafuta mvuvi. Simtafuti ili "kushirikisha jamii", namtafuta kama mshauri elekezi, na anastahili posho ya mshauri. Alituokoa pia kwenye suala la maji machafu. Ramani kubwa zinaonyesha mkondo wa bahari kwenye pwani yetu unaelekea kaskazini, kwa hiyo tuliweka bomba la kutolea upande wa kaskazini wa lile la kuvutia, ili uchafu wetu usiturudie. Mzee akatuonyesha kwamba pale kwenye kijito maji yakijaa huzunguka na kurudi kusini. Tukasogeza mdomo wa bomba mbele zaidi.

Kuna BOQ pia, ile orodha ya vifaa na kazi zote pamoja na vipimo na bei. Wahandisi wenzangu, tuseme ukweli, BOQ nyingi tunazinakili. Yangu niliinakili kutoka mradi wa hospitali. Vifaa vizuri, vimepimwa, bei zinajulikana. Yule dada wa maabara (kufikia wakati huo nilishaomba awe mjumbe kamili wa timu) alisoma kurasa zote 140, akaja na kalamu nyekundu.

"Injinia, hizi koki za shaba ni za nini?"

"Za maji."

"Maji ya nani?"

Nilidhani ananitania. Kumbe shaba, hata kiasi kidogo sana kikimomonyoka ndani ya maji, ni sumu kwa kamba, chaza, matumbawe na mabuu ya viumbe wengi. Hospitali inataka shaba, bahari inaikataa. Mabomba ya mabati nayo yakatoka kwa sababu ya zinki. Tukaenda kwenye plastiki ngumu kwa mabomba na valvu zote zinazogusa maji ya samaki, na faiba kwa matangi na kwa wavu wa kukanyagia juu ya mifereji. Mstari mmoja wa koki ungeweza kuua utafiti wa mwaka mzima, na hakuna ambaye angejua sababu.

Hapo ndipo pipa lilipozaliwa. Nilichoka kuambiwa na wauzaji "hii ni stenlesi, bosi". Nikanunua kila sampuli, nikaifunga kamba, nikaining'iniza nusu ndani nusu nje, maana chuma huliwa zaidi pale panapoloa na kukauka, penye chumvi na hewa pamoja, kuliko kule chini kabisa. Baada ya wiki chache skrubu za kawaida zilikuwa nyekundu. Bawaba mbili kati ya tano zilizoitwa stenlesi zikatoa madoa ya kahawia. Zile zilizobaki safi zilikuwa za daraja la 316, ambalo lina madini ya molibdeni ya kukabiliana na chumvi. Usihangaike na sumaku, haikutofautishii 304, ile stenlesi ya kawaida, na 316. Najua pipa si bahari kamili, lakini kwenye kikao na mkandarasi kuiweka mezani bawaba yenye kutu kulimaliza ubishi ambao barua tatu hazikuumaliza.

Zege nalo lina hadithi yake. Adui ni kloridi iliyomo kwenye chumvi, ambayo hupenya kwenye zege polepole mpaka ifike kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani. Nyumbani tunafunika nondo kwa milimita 20 au 25 na maisha yanaendelea. Huko tuliweka 50 na kuzidi, maji kidogo kwenye mchanganyiko, simenti yenye pozolana (unga kama wa majivu ya volkano), na tukakataza kabisa mchanga wa ufukweni. Kukataza ni rahisi ukiwa Dodoma. Kilichosumbua ni maji: kisima cha pale saiti kilikuwa na chumvi, kwa hiyo ya kuchanganyia zege na ya kulimwagilia likomae yote yalikuja kwa boza. Sikuwa nimeweka boza kwenye makadirio. Siku moja nilifika bila taarifa nikakuta kijana anamwagilia nguzo kwa ndoo ya maji ya bahari, kwa nia njema kabisa, ili asipoteze muda kusubiri boza. Ulipe boza zaidi, lije mapema, uliweke kwenye mkataba kama kipengele chake. Usimwachie fundi achague kati ya kazi kusimama na bahari iliyo hatua 20 kutoka alipo.

Uzito: tangi lenye kina cha mita 1 linaweka kilo 1,025 juu ya kila mita ya mraba. Sakafu ya ofisi kwa kawaida tunaipigia hesabu ya kama kilo 250. Matangi yakae chini, kwenye udongo, basi. Anton Dohrn, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, alipoanzisha kituo chake cha utafiti wa bahari Napoli, Italia, mwaka 1872, aliweka akwaria ghorofa ya chini na maabara juu yake, na sijaona sababu ya kumpinga. Sakafu ya eneo la maji iwe na mteremko wa kweli, sentimita 2 kwa kila mita. Fundi atakwambia ni mwingi, inaonekana imepinda. Mwache aseme.

Na milango! Tangi letu kubwa la faiba lilikuwa na kipenyo cha mita 3. Lilifika kwa lori wakati kuta zimeshapigwa lipu. Mlango ulikuwa mita 1.8. Tulibomoa ukuta, tukaliingiza, tukajenga upya, na mpaka leo ukipita pale ukiangalia kwa jicho la pembeni unaona rangi haifanani. Kila kifaa kikubwa kiandikie njia yake kutoka getini mpaka kinapokaa. Hata friza. Pwani yetu kuna silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa, na anaweza kukaribia mita 2. Akiletwa saa 8 usiku, si wakati wa kupima mlango.

Kosa lililonitisha zaidi halikuwahi kujengwa, namshukuru Mungu. Jenereta tuliiweka nyuma, penye kelele zisizomsumbua mtu. Chumba cha wazamiaji, chenye kompresa ya kujaza mitungi ya hewa, nacho tulikiweka nyuma kwa sababu hiyohiyo. Mzamiaji mmoja alipopitia mchoro akaweka kidole katikati ya vyumba hivyo viwili: moshi wa jenereta unatokea mita 4 kutoka pale kompresa inapovuta hewa. Mtungi ungejazwa pamoja na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na mtu angeivuta akiwa chini ya maji. Michoro hiyo ilikuwa imepitiwa na wahandisi wanne na kupigwa mihuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mjinga, ila hakuna aliyewahi kubeba mtungi mgongoni.

Vibali sitavielezea sana. Ila jua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Jengo utalirudisha nyuma, bomba huwezi. Lieleze bomba waziwazi kwenye tathmini ya athari kwa mazingira tangu mwanzo, usilifiche kwenye kiambatisho. Na usawa wa sakafu upandishe kuliko moyo wako unavyotaka. Kwenye timu yetu walikuwepo waliobishia nusu mita ya ziada, mpaka kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024. Hawakubishana tena.

Kuhusu pesa za kuendesha, Dohrn tena. Alikodisha "meza" kwa vyuo na serikali mbalimbali: ukilipia mwaka unapata meza, maji ya bahari, na vielelezo vya kufanyia kazi. Mtihani wa jengo la namna hii hauji siku ya uzinduzi, unakuja mwaka wa tatu, pampu zikitaka mihuri mipya na umeme ukidai. Weka kwenye mpango ni nani atalipa, kwa jina la fungu.

Mwisho wa ujenzi usikubali samaki waingie siku ya kukabidhiwa. Zege jipya hutoa chokaa, maji yanakuwa makali. Tulijaza matangi ya zege na kuyamwaga kwa wiki kadhaa, tukipima kila asubuhi. Kisha tukaweka tasi 40, samaki wa kawaida wa pale, kama majaribio. Siku ya nane wakaanza kutokwa macho, mapovu madogo yakionekana kwenye mapezi. Madaktari wa samaki wangetafuta ugonjwa. Yule dada akaenda moja kwa moja chumba cha pampu, akapaka sabuni kwenye maungio upande wa kuvutia, akasikiliza. Ungio moja lilikuwa linanyonya hewa kwa tundu la sindano. Pampu inaikandamiza hewa hiyo ndani ya maji, naitrojeni inazidi kipimo, na samaki anapata kile anachokipata mzamiaji aliyepanda haraka. Tulikaza ungio, tukaongeza mnara wa kumwaga maji juu ya vipande vya plastiki ili gesi itoke. Tasi 31 walipona.

Kijana wa Mtumba alikuja Jumamosi na bawaba 3 za milango alizonunua mjini, zote ameambiwa ni stenlesi, bei tatu tofauti. Tumezifunga kamba, tumeandika tarehe kwa rangi kwenye ukingo wa pipa. Mlinzi amechukua jukumu la kuongeza maji yanapopungua kwa jua la hapa. Anasema ya bei ya kati ndiyo itakayooza kwanza, na ameweka dau la soda.